Kurejesha Pesa za Mteja: Niliyoyaona katika Kuuza Abaya Mtandaoni

Katika maduka mengi ya nguo ya Mombasa, kuanzia Biashara Street hadi vichochoro vya Marikiti, stakabadhi huwa na onyo lililochapishwa chini yake kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nimelelewa katika biashara ya namna hiyo na sioni ubaya wake, maadamu mnunuzi amesimama mbele ya meza, ameishika nguo, ameigeuza ndani nje, ameipima mwilini na kupatana bei na mwenye duka mpaka wote wawili wakaridhika. Onyo hilo halina mashiko pale mtu aliyeko Nakuru anapochagua abaya kwa kutazama picha kwenye simu, akalipa kwa M-Pesa kabla hajaigusa, kisha akakaa kungojea basi. Huyo amenunua maneno yangu na picha zangu. Nguo yenyewe ataiona baadaye, na siku atakayoiona ndiyo siku ambayo kwa mwenye duka la kawaida ingekuwa siku ya kupatana bei. Tangu nilipohamishia sehemu kubwa ya mauzo yangu kwenye WhatsApp na Instagram, kurejesha pesa kumekuwa kazi ya kila mara, sawa na kupiga pasi na kufunga mizigo.

Sheria nayo imemwelekea mnunuzi kuliko wauzaji wengi wanavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili anufaike nazo, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kwa sababu ya dosari. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo imekuwepo tangu zama za ukoloni, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji imeweka kanuni mahususi juu ya mikataba inayofanywa kwa intaneti. Wauzaji wanaobandika maneno "haturudishi pesa" juu ya kurasa zao huamini kwamba wamejikinga. Sidhani kama kinga hiyo ingesimama mbele ya hakimu wa mahakama ya madai madogo iwapo picha imeonyesha abaya yenye shanga mikononi na mteja akapelekewa isiyo na shanga hata moja.

Kwetu sisi Waislamu wa Pwani kuna mizani nyingine pia. Ustadhi mmoja niliyemuuliza alinieleza kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu hapa, wana msimamo mkali kuhusu kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona, ilhali wale wa Hanafi humwachia mnunuzi khiari atakapokiona: akipenda akichukue, asipopenda akirudishe. Wanakubaliana wote kwamba kuficha ila ya bidhaa ni dhuluma na kwamba aliyeuziwa kitu chenye ila ana haki ya kukirudisha. Niliyachukua maelezo hayo kwa namna ya kibiashara: pesa ya mteja wa mbali hukaa kwangu kama amana mpaka avae, ajitazame kiooni na kuniambia amepokea. Baada ya hapo ndipo ninapoihesabu kuwa mapato.

Chanzo kikubwa cha pesa kurudi, kuliko ubovu wa nguo na kuliko ulaghai, ni vipimo. Abaya zinazotoka Dubai hupimwa kwa inchi za urefu kutoka begani hadi ukingo wa chini, ndiyo maana lebo husema 52, 54, 56, 58 au 60, na nambari hizo hazisemi lolote la maana kuhusu kifua wala kiuno. Mteja wa Mombasa au Lamu anazijua tangu utotoni. Mteja wa Kisumu au Nairobi, ambaye nguo zake nyingine zina nambari kama 12 au 14, akiona 54 huogopa akidhani ni ya mtu mnene sana, akaagiza 52, ikamfikia juu ya kifundo cha mguu. Nimeacha kabisa kumuuliza mteja "unavaa saizi gani?" kwa sababu jibu lake hata likiwa la kweli halinisaidii. Ninamwomba achukue kanzu au dera analolipenda, alilaze kitandani, apime kwa utepe kutoka mshono wa bega hadi chini, kisha anitumie picha ya utepe ukiwa juu ya nguo. Ninamuuliza pia kama atavaa viatu vya kisigino siku hiyo, maana inchi mbili za kisigino huigeuza 56 kuwa fupi. Wako wanaokereka na maswali haya na kuhamia kwa muuzaji mwingine anayejibu upesi. Sijuti kuwapoteza, kwa kuwa wengi wao wangerudi wakidai pesa zao.

Rangi ina matata yake, lakini hayo huisha mapema. Kamera ya simu huigeuza damu ya mzee kuwa zambarau, na taa nyeupe za dukani huifanya hudhurungi ionekane nyeusi. Ninapiga picha barazani saa nne asubuhi, bila mapambo yoyote ya programu, na kuiweka nguo kando ya shela jeusi ili jicho la mteja lipate cha kulinganishia.

Mteja akishaniambia hajaridhika, kuna utaratibu wa maneno ambao nimeona una uzito kuliko pesa zenyewe. Wauzaji wengi huanza kwa kuuliza kosa ni la nani, kisha wakampa mteja nafasi ya kubadilisha nguo tu, na neno la kurejesha pesa likaja mwisho kabisa, baada ya mvutano, likiwa limekwisha kupoteza utamu wake. Mimi huandika kwa mpangilio wa kinyume: "Pole dadangu. Pesa zako zipo. Ungependa nizirejeshe, nikubadilishie kipimo, au kuna namna nyingine itakayokufaa?" Nimeona kwamba mtu aliyeambiwa kwanza kuwa pesa zake zipo hupumua, na akishapumua mara nyingi huchagua kubadilisha, jambo ambalo lina nafuu kwangu pia. Yule anayeanza kwa kunyimwa huanza kupiga picha za skrini za mazungumzo yetu, na tangu hapo hatuzungumzi tena juu ya abaya. Siwaamini sana wauzaji wanaolazimisha "salio la dukani" badala ya pesa. Mtu aliyenunua nguo ya harusi na ikamkosa hana haja ya nguo nyingine mwezi ujao. Ana haja ya pesa leo aende akatafute kwingine kabla ya Ijumaa.

Gharama za kurejesha zinastahili kuelezwa kwa tarakimu, maana ni hapo wauzaji wageni hujikuta wamepata hasara bila kujua ilikopitia. Chukulia abaya ya shilingi 3,200. Mteja akinilipa kwa nambari yangu ya Lipa na M-Pesa hakatwi kitu. Mimi ndiye ninayekatwa asilimia 0.55. Ninapomrejeshea kwa laini yangu, ada ya kutuma kiasi hicho ni shilingi 53, na yeye akienda kwa wakala kuzitoa atakatwa 52. Viwango hivyo vilianza Julai 2023, baada ya ushuru wa huduma za kutuma pesa kupandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Kwa hiyo mteja anaposema "nirudishie na ya kutolea", anataka nitume 3,252, nami nitoe jumla ya 3,305 kwa nguo ambayo sijaiuza. Bado hapo hatujataja nauli ya mzigo, kwenda na kurudi. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba ikiwa nguo ina ila au haikulingana na nilichokieleza, mimi hubeba nauli zote na ya kutolea bila kuombwa. Ikiwa mteja amebadilisha mawazo tu, yeye hulipa nauli ya kurudisha mzigo na mimi hulipa ada ya kutuma pesa. Kanuni hiyo iko kwenye ujumbe ninaomtumia kila mteja kabla hajalipa, kwa sentensi ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma akiwa ndani ya matatu. Kuiandika baada ya ugomvi kuanza hakusaidii kitu, kwa sababu mteja huiona kama hila iliyotungwa kwa ajili yake.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi kurejesha pesa kunavyoweza kumwingiza muuzaji katika mambo ya nyumba za watu. Mteja mmoja wa Nairobi alichagua abaya ya krepu, tukakubaliana bei, na malipo yakaingia kutoka nambari ya mumewe. Nguo ilipofika alisema mikono ni mirefu mno, akairudisha ikiwa safi, kisha akaandika: "Dada, hizo pesa nitumie kwa hii nambari yangu, ile nyingine ni ya mzee." Nilimjibu kwamba pesa zilitoka kwa shemeji, nami huzirejesha zilikotoka, kama shemeji ataniandikia mwenyewe kwa nambari ile kwamba nimtumie yeye, nitafanya hivyo saa ile ile. Akachukia. "Kwani unadhani namwibia mume wangu?" Sikuwa na sababu yoyote ya kudhani hivyo, na nikamwambia. Nilimweleza pia kwamba kama kesho mtu mwingine angenunua nguo kwangu kwa kulipa kutoka nambari yake yeye, kisha mtu wa tatu akadai pesa hizo, angetaka nifanye vilevile.

Siku iliyofuata shemeji alinipigia. Hakuwa amesikia lolote kuhusu abaya kurudi. Alikuwa anauliza ikiwa ninalo shela la rangi inayolingana, kwa kuwa walikuwa wakitarajiwa kwenye harusi ya dada yake. Nikamwambia kwa ufupi kwamba mikono haikumkaa vizuri mkewe na kwamba pesa zake ziko tayari, kisha nikanyamaza, maana lililobaki lilikuwa lao. Baadaye ujumbe ulikuja kutoka nambari yake ukinitaka nimtumie mkewe pesa zote. Sikujua walizungumza nini wala haikunihusu. Nilichokijua ni kwamba kama ningezituma mwanzo kwa nambari nyingine, kisha shemeji akapiga simu kuulizia shela, ningekuwa nimejitia baina ya mke na mume kwa shilingi elfu chache, na pengine ningedaiwa pesa zile zile mara ya pili.

Kanuni hiyo ya kurudisha pesa zilikotoka inakinga pia dhidi ya matapeli, ambao wameisoma biashara hii vizuri. Hila ya kawaida ni ujumbe unaofanana na wa M-Pesa ukisema nimepokea kiasi fulani, ukifuatwa mara moja na simu ya mtu mwenye haraka: amekosea, ametuma 5,600 badala ya 2,600, yuko hospitalini, tafadhali nimrudishie 3,000 kwa nambari hii nyingine. Muuzaji anayesoma ujumbe bila kuangalia salio hutoa pesa zake mwenyewe. Dawa yake ni kufungua salio na orodha ya miamala kabla ya kujibu lolote, na kama pesa zimeingia kweli, kuzirudisha kwa nambari iliyozituma na si kwingine. Yupo pia mteja anayelipa, akapokea mzigo, kisha akautuma ujumbe wa malipo kwenda 456 akidai alikosea nambari ili muamala ubatilishwe. Kwa sababu hiyo ninahifadhi picha ya stakabadhi ya basi, picha ya mzigo ukiwa umeandikwa jina, na ujumbe wa mteja wa kukiri kuwa amepokea. Wenye biashara ndogo wanaotumia Pochi la Biashara wana afadhali, kwa kuwa malipo yanayoingia humo hayarudishwi bila wao kukubali. Wanaopokea kwa laini ya kawaida wawe na ushahidi mkononi.

Sasa niseme juu ya nguo iliyovaliwa, kwa maana hiyo ndiyo inayowakera wauzaji wa abaya kuliko yote. Mzigo mmoja ulinirudia Jumatatu, baada ya wikendi ya harusi nyingi, pamoja na maelezo kwamba nguo ni kubwa na haijavaliwa hata kidogo. Nilipofungua mfuko, harufu ya udi ilinitangulia. Niliitandaza abaya mezani chini ya dirisha. Ndani ya upindo wa mkono wa kulia kulikuwa na alama ya hina yenye rangi ya chungwa, shingoni kulikuwa na poda ya uso iliyokauka na kushika kwenye nyuzi, na ukingo wa chini ulikuwa na vumbi jeupe lililoingia katikati ya mshono. Lebo ilikuwa mahali pake, ila badala ya uzi wa plastiki ilifungwa kwa uzi wa kushonea, kwa fundo dogo la mtu mwenye mkono mzuri.

Sikumwita mwongo. Nilimpigia picha za sehemu zile tatu, nikazituma na kuandika: "Dadangu, abaya imefika salama, ahsante. Nimekuta alama hizi, na kwa hali hii siwezi kuiuza tena kama mpya, kwa hiyo sitaweza kurejesha pesa. Nikurudishie nguo yako, au niitangaze kwa niaba yako kama iliyovaliwa mara moja, nikikupa itakachopata?" Alikaa kimya mpaka jioni, kisha akasema nimrudishie. Hakukuwa na matusi, na hakuna mtu aliyeniandika vibaya popote. Nadhani kilichosaidia ni kwamba nilizungumza kuhusu nguo tu, sikuzungumza kuhusu yeye, na nilimwachia mlango wa kutokea bila kuaibika. Wenzangu wawili katika kundi letu la wauzaji huwaanika wateja wa namna hii, wakaweka majina na picha zao hadharani. Naona ni jambo baya kwa utu na baya kwa biashara, kwa sababu mteja mwema anayeona hayo hujiuliza naye ataanikwa lini. Tangu hapo lebo zangu ni kubwa, huning'inia kifuani mahali ambapo mtu hawezi kutoka nyumbani akiwa nazo, na zina nambari ninayoiandika daftarini. Mteja ana uhuru wa kuijaribu nguo sebuleni kwake kadiri apendavyo.

Ramadhani ndiyo mtihani wa mwaka. Kufikia kumi la mwisho, afisi za mabasi pale Mwembe Tayari hujaa mizigo hadi kwenye kibaraza, na kila mzigo umeandikwa kwa kalamu nene kwamba ni wa haraka, kwa hiyo hakuna wa haraka. Mzigo wa Lamu una safari ndefu zaidi: basi huishia Mokowe, na kutoka hapo vitu huvuka kwa boti. Mwaka mmoja Bi mkubwa mmoja wa Lamu aliniagizia abaya ya mkaza mwanawe, akalipa mapema, nami nikapeleka mapema kwa hesabu zangu, lakini mzigo ukakaa afisini na kumfikia Idi imekwisha kupita. Alinipigia bila hasira yoyote, jambo ambalo lilinielemea kuliko angenigombeza. "Mwanangu, nguo ni nzuri, lakini sikukuu imepita. Ya nini tena?"

Nguo haikuwa na ila. Ililingana na picha hadi kwenye kifungo cha mwisho. Aliyechelewa alikuwa mwenye basi, na mwenye basi, kama ilivyoandikwa kwenye stakabadhi yake kwa herufi ndogo, hadhamini muda wa kufika. Wapo wauzaji watakaosema hapo hakuna cha kurejesha. Mimi naona aliyoilipia Bi mkubwa ni abaya ya Idi, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia itafika. Yeye hana mkataba wowote na basi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, pesa zako nazituma sasa hivi, na abaya utanirudishia mtu akija." Akafikiri kidogo, akaniambia kama ningeweza kumpunguzia, angeiweka kwa Idi ya mfungo tatu, yaani Idi ya kuchinja. Tukakubaliana nimrejeshee 800 na nguo ibaki kwake. Hiyo ndiyo "namna nyingine" ninayoitaja katika ujumbe wangu wa kwanza kwa wateja: kurejesha sehemu. Hutatua mengi, hasa kwa nguo yenye kasoro ndogo ambayo mteja mwenyewe anaweza kuirekebisha kwa fundi wa mtaani, mradi wazo litoke kwa mteja au lipendekezwe kwake baada ya kuambiwa kwamba pesa zote zinapatikana. Likitangulia, hufanana na kumpoza mtu kwa makombo. Kuhusu Ramadhani, sasa ninafunga maagizo ya Lamu, Garissa na Wajir mapema kuliko ya Nairobi, na nikiulizwa siku za mwisho husema wazi kwamba siwezi kuahidi, hata kama mteja anasema yuko tayari kubahatisha. Anayebahatisha mwezi 25 hukumbuka mwezi 30 kwamba aliahidiwa.

Yote haya yanawezekana ikiwa pesa za kurejesha zipo, na hapo ndipo biashara nyingi za mtandaoni huvunjikia. Mauzo ya leo huenda kulipia mzigo wa kesho, mzigo wa kesho ukalipia kodi ya nyumba, na mteja wa wiki iliyopita akidai chake huambiwa "nipe muda kidogo", maneno ambayo katika biashara ya mtandao husikika kama "nimekutapeli". Mauzo ya wateja wa mbali siyagusi mpaka wiki moja ipite tangu mteja kupokea mzigo. Yanakaa kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa, mbali na laini ninayotumia kununua mboga. Mtu akidai pesa asubuhi huzipata kabla ya magharibi, na mara nyingi nikishatuma huniuliza mwenyewe kama kuna abaya nyingine ya kipimo chake. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kila pesa iliyorudi ina mstari wake: tarehe, nambari ya muamala wa kuingia, nambari ya muamala wa kutoka, na sababu kwa maneno machache. Sababu hizo ndizo zilizonionyesha kwamba adui wangu mkubwa alikuwa utepe wa kupimia. Zina kazi kwa ushuru pia. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ni asilimia 3 ya mauzo yote, bila kujali faida, na mauzo yaliyorudishwa yasipoandikwa popote mtu anaweza kujikuta akilipia kodi pesa ambazo hazimo tena mikononi mwake. Kwa ankara zilizotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, ninaporejesha pesa huandaa krediti noti, yaani hati ya kupunguza ankara, inayotaja nambari ya ankara ya awali.

Kwa upande wa waliotuuzia sisi, hali ni ngumu zaidi, na sijaipatia ufumbuzi kamili. Muuzaji wa jumla wa Eastleigh, Nairobi, au wa Deira, Dubai, hanirejeshei pesa hata nguo iwe na tundu. Atanibadilishia mzigo ujao akiwa na roho nzuri, na wa Deira hata hilo halina maana kwa kuwa nauli ya kuirudisha nguo moja Dubai inazidi thamani yake. Mmoja wa Eastleigh nimefaulu kupatana naye kwamba nguo zenye ila atazipokea ndani ya wiki moja, mradi lebo yake iwepo na nimtumie picha siku ile ile ninapofungua robota. Kwa hiyo sasa nafungua kila robota siku lilipofika, hata kama ni usiku, na kukagua mishono moja moja kabla sijalala. Zile zinazorudi zikiwa hazina ila yoyote yeye hazipokei, na kwa kweli sina hoja ya kumlazimisha. Hizo huzitundika kwenye fimbo ya pembeni, zikiwa na kipimo na rangi kwenye karatasi, na mteja mpya akituma picha ya utepe wake, huko ndiko ninakoanzia kutafuta.